Koti la Njano la Baba, Kutoka Pito hadi Kate

Nilifunga safari kwa sababu ya koti. Wenzangu wa Dodoma, ambao hupanda nami baiskeli kila Jumapili kabla jua halijawa kali, walidhani natania nilipowaambia kwamba likizo yangu ya Desemba naipeleka Sumbawanga kufua koti la mvua. Mmoja akaniuliza kama huko kwetu hakuna sabuni. Sabuni ipo, tena ya kila rangi na kila harufu, na ndiyo sehemu ya taabu yenyewe.

Mambo yalianza kwa simu ya mama. "Oliva, baba yako ameanza tena habari za kwenda Kate," alisema. "Anataka kwenda kwa shangazi yako na baiskeli, mvua hii hii, na kifua chake unakijua. Nimemwambia hatoki hapa mpaka koti lake likatae maji kama zamani. Hebu njoo na hiyo dawa uliyonisimulia."

Shangazi Yustina ni dada mkubwa wa baba, na katika tumbo lao wamebaki wao wawili tu. Macho yake yamekwisha kuzima. Kila mwaka, kabla ya kupanda, baba humpelekea mbegu ya ulezi kwa baiskeli. Mwaka jana hakwenda, kwa sababu alilazwa na nimonia. Basi bibi wa watu akaingiwa na wazo kwamba mdogo wake amekufa na sisi tunamficha. Na hakulitoa hewani. Kwetu mzee hapewi habari ya msiba ghafla. Hupewa kidogo kidogo, tena kwa kuzungushwa, hadi moyo uzoee. Shangazi mwenyewe ameshaficha misiba ya watu wengi, anajua inavyofanywa. Alikuwa amejifunga kitambaa cheusi kichwani, na chakula alikigusa tu. Akipewa simu azungumze na baba, aliisukuma. Sauti za watu siku hizi zinahifadhiwa, alisema, kama nyama ya kukaushwa.

Nikaweka kwenye begi chupa ya sabuni ya maji isiyo na manukato na chupa ya dawa ya kupuliza, ile tunayotumia kwenye makoti yetu ya baiskeli, nikapanda basi.

Mbeya nililala. Kesho yake, baada ya Tunduma, basi lilipoacha barabara ya Zambia na kuanza kuelekea kwetu, nilifungua dirisha kidogo ili nisikie ubaridi. Utotoni njia hii ilikuwa matope matupu, na abiria walilisukuma gari wakiimba. Leo ni lami, dereva anapiga gia na kula muhogo wa kuchoma kwa mkono mmoja. Nilifurahi, lakini pia nilijikuta naikumbuka ile sukuma-sukuma, hasa kwa kuwa mimi nilikuwa mdogo na sikusukuma.

Laela, basi liliposimama, mvua ilianza. Nikawaona watu wakikimbilia vibarazani na mifuko ya plastiki kichwani, nikakumbuka siku koti lilipoingia nyumbani. Mzungu mmoja aliyekuwa akiendesha baiskeli kwenda ziwani aliugua homa njiani, akalala kwetu Pito, pembeni ya Sumbawanga, hadi akapona. Alipoondoka alishukuru kwa moyo wote, akamwachia baba koti lake la mvua, la njano, jepesi, lenye mkia mrefu wa kufunika kiuno. Sisi watoto tulilimwagia maji ili tuone maajabu. Matone yalisimama juu yake yakaviringika na kuanguka, kama yanavyofanya juu ya jani la gimbi. Baba alikuwa katekista, akizunguka vigango kwa baiskeli, na mara nyingi alinibeba kwenye karia. Mvua ikija, aliuinua ule mkia wa koti akanifunika kichwa. Huko ndani nilikuwa naona giza la njano, nasikia mvua ikipiga mgongo wa baba, nami ni mkavu. Sijawahi tena kujisikia salama namna ile, na nimeshalala katika nyumba nyingi zenye bati zuri.

Pito nilifika jioni. Baba alikuwa ameketi jikoni karibu na moto, kwa sababu ya kifua.

"Shikamoo baba."

"Marahaba mwanangu. Umekuja kumtibu mgonjwa?" Akaonyesha juu kwa kidole.

Juu ya moto, kwenye uchaga ambapo mama huweka mahindi ya mbegu, palining'inia kitu cheusi, kigumu, kinachong'aa. Ilinichukua muda kuamini kwamba lile ndilo koti la njano.

"Mmelifanya nini?"

"Tumelitunza," alisema baba, akiwa ameudhika kidogo. "Nyumba ya nyasi ikishashikwa na moshi, inavuja?"

"Haivuji."

"Basi."

Wazo lilikuwa la shangazi. Miaka mingi nyuma, koti lilipoanza kunywa maji, alilitundika juu ya moto wake kule Kate, akasema moshi utaziba vitundu. Baba akaendelea na tiba hiyo nyumbani. Na koti kadiri lilivyozidi kuvuja, ndivyo walivyozidi kulifukiza. Nilipoinama kulinusa nilikohoa, kisha nikataka kulia. Lilinuka baba yangu mzima: moshi wa kuni za mtondoo, ugali wa ulezi, mafuta ya cheni na mvua ya zamani.

Asubuhi yake tulianza kazi uani. Nilimweleza mama kwamba koti la namna hii halizuii maji kwa unene, bali kwa ngozi nyembamba sana iliyopakwa juu ya kitambaa, inayoyafanya maji yajikunje yaondoke. Ngozi hiyo ikifunikwa na masizi na jasho na mafuta, maji hukaa juu yake yakazama. Kwa hiyo uchafu ndio unaovujisha. Sabuni ya unga nayo haifai, huacha mabaki kwenye kitambaa, na yale maji ya kulainisha nguo ndiyo mabaya zaidi.

"Kwa hiyo sabuni ya unga niliyolifulia mwaka ule…"

"Ilisaidia kuvuja, mama."

"Haya. Na moshi ukamalizia," alisema, akimtazama baba.

Tulifunga zipu zote, tukalitumbukiza kwenye beseni la maji ya uvuguvugu, tukaliminyaminya taratibu bila kulikamua. Maji yalitoka meusi kama ya kuoshea sufuria. Tukamwaga, tukarudia. Nilisugua kola kwa kitambaa laini. Beseni baada ya beseni, rangi ya njano ikaanza kujitokeza, kwanza mgongoni, kisha mikononi. Mama aliushika ule mkia wa koti akaukunjua mbele yangu. "Ulikuwa unakaa humu," alisema. Nikamwambia nakumbuka.

Baba hakufurahi. Alisimama mlangoni amejifunga blanketi. "Nguo yangu haijawahi kufuliwa namna hiyo," alisema. "Mnanitisha." Tukacheka, hatukumsikiliza.

Tulisuuza hadi povu likaisha kabisa, tukalitundika kivulini litiririke. Likiwa bado na unyevu nikalipulizia dawa, mabegani zaidi, mahali mikanda ya mzigo ilipokuwa imelichubua. Lililobaki ni joto, maana bila joto dawa haishiki. Dodoma natumia pasi ya umeme nikiiweka chini kabisa. Siku hiyo Pito umeme haukuwepo, na pasi ya mama ni ya mkaa, ambayo haina chini wala juu. Aliiacha ipoe hadi nikachoka kungoja, akaijaribu kwenye pindo la kanga, kisha akatandika kanga nyingine juu ya koti akapitisha pasi bila kukaa mahali. Mimi nilikuwa nimeziba mdomo. Halikuungua.

Mchana lilikuwa limekauka. Baba akalivaa, akasimama katikati ya uwanja kama mtu anayepigwa picha, na mama akachota maji akammwagia mabegani. Matone yakasimama. Yakajikunja, yakaviringika kifuani kwa baba, yakaanguka chini, na kitambaa kikabaki kikavu. Akammwagia tena. Baba akaanza kucheka kwa sauti ya ujana wake, na mimi nikawa na miaka sita.

"Baba Oliva, hebu sasa panda baiskeli," alisema mama.

Alipanda. Alifika kwenye mti wa parachichi pale njia panda, akageuza, na aliporudi hakuweza kusema. Alikuwa ameshika usukani kwa mikono miwili, kifua kinapanda na kushuka, akikohoa kikohozi kile chake kinachoanza na mluzi. Tulimngoja amalize. Mama akamfungua zipu polepole.

"Koti limepona," alisema. "Mwenye koti bado."

Nilimwambia baba apande gari. Akanitazama kama nimemtukana. Hajawahi kupanda gari akafika bila kutapika, na wakati wa mvua kule mbele abiria bado wanashuka kusukuma. Akavua koti, akanivisha mwenyewe, akanifunga zipu hadi kidevuni. "Nenda wewe," alisema. "Mpelekee mbegu. Mwambie nipo."

Kesho yake alfajiri niliondoka na baiskeli ya baba, nzito, fremu nyeusi, mfuko wa ulezi umefungwa kwenye karia. Nikiacha mji, nyanda zilifunguka pande zote. Ufipa haina mahali pa kujificha: vilima vya majani mafupi, mashamba yaliyolimwa kwa matuta ya duara, na anga kubwa. Mvua unaiona ikija kutoka mbali sana, unaweza hata kumaliza chai yako kwanza. Ilinikuta saa nne hivi. Ilipiga mabegani ikateleza, ikapiga mgongo ikateleza, nami ndani nikiwa mkavu. Niliimba nyimbo za kwaya ya utotoni, sauti ya kwanza na ya pili kwa zamu, kwa kuwa hapakuwa na mtu wa kunisahihisha.

Njiani wazee waliokuwa wakipanda waliinua majembe. "Katekista!" waliita, wakiiona njano. Nilipofika karibu wakagundua, wakanisalimu kwa aibu kidogo, wakamwulizia. "Yupo," nilijibu. "Anawasalimu." Kumbe baba alikuwa na jamaa kila mahali nisipopajua.

Kate nilifika jua likiwa limeshuka. Leokadia, mke wa mtoto wa shangazi, anayeishi naye, alinipokea baiskeli. Alilitazama koti, akafungua mdomo, akaufunga. Sikumwuliza. Nilikuwa na haraka ya kufikisha habari njema.

Shangazi alikuwa ndani, karibu na moto, kitambaa cheusi kichwani. Alikuwa amepungua sana.

"Shikamoo shangazi. Ni Oliva."

"Marahaba. Oliva wa Anselimo." Akageuza sikio. Koti lile lina sauti ukitembea, mkwaruzo mwepesi, na aliitambua. Uso wake ukafunguka. "Mbona nasikia koti? Anselimo, umekuja naye? Anselimo."

"Nimelivaa mimi, shangazi."

Alinyoosha mkono. Alinishika bega, akateremka mkononi, akarudi kwenye kola. Kisha akanivuta karibu, akanusa. Akanusa tena. Nikaona uso unafungika.

"Mmelifua," alisema.

"Ndiyo, shangazi, tumelifua likawa…"

"Mmeshalifua. Mmeshagawa." Akaachia koti, akajishika kichwa, akaanza kulia kilio cha msiba, kile kirefu kinachowaita majirani.

Hapo ndipo nilipoelewa alichokiona Leokadia mlangoni. Kwetu mtu akifa, nguo zake hufuliwa zote, zikatakata, ndipo ndugu wakakaa wakagawana. Mtoto huvaa ya baba. Mimi nilikuwa nimetoka Dodoma hadi Kate kuleta habari kwamba baba yu hai, nimeivaa habari ya kifo chake mwilini, safi, imepigwa pasi. Majirani walikwisha kuingia uani, mwanamke mmoja ameweka mkono kichwani tayari. Nilisema, "Yu hai, yu hai," na kila mmoja alinitazama kwa huruma, maana ndivyo wasemavyo wote waliotumwa kuficha.

Nilitoa simu. Mtandao ndani ya nyumba ile haupatikani, kwa hiyo mimi na Leokadia tulimshika shangazi mikono tukamtoa nje, analia, tukapanda naye hadi kwenye mwinuko nyuma ya zizi. Nikapiga, nikafungua sauti ya nje.

"Dada, shikamoo," ilisema sauti ya baba.

Shangazi aliacha kulia. "Hiyo wameihifadhi," aliniambia mimi, si simu.

"Dada Yustina. Mbegu imefika?"

Shangazi akaigeuzia simu sikio.

"Nakuuliza kwa sababu ile niliyokuletea mwaka ule uliwamwagia kuku."

Shangazi akainua kichwa. "Sikuwamwagia," alisema. "Waliingia wenyewe."

"Waliingia wenyewe wakafungua na mfuko?"

"Mfuko uliufunga wewe vibaya, Anselimo. Tangu utoto hujui kufunga fundo. Mama alikuwa akirudia kila ulichofunga."

"Mama alikuwa anarudia vya kwako. Mbuzi wa nani alipotea?"

"Huyo mbuzi…" Shangazi alianza, akakoma. Mkono wake ulikuwa umeshika wangu kwa nguvu sana. Alisema polepole, "Anajibu."

"Ninajibu, ndiyo," alisema baba, kisha akakohoa, kwa mluzi, muda mrefu. Tulimngoja. Shangazi alikuwa ameinamia simu, akikisikiliza kile kikohozi kama watu wanavyosikiliza redio siku ya uchaguzi. "Marehemu hajibizani," alimwambia Leokadia. Ndipo akamgeukia baba kwa ukali wote aliokuwa ameuweka mwaka mzima. "Kwa nini umewaacha wafue koti?"

"Niliwakataza! Nilisimama mlangoni nikawaambia mnanitisha. Nani ananisikiliza nyumba hii?"

Waligombana hadi salio likaisha. Tuliporudi, shangazi alifungua kile kitambaa cheusi mwenyewe, akakitumia kushikia sufuria, akaomba chakula. Alikula nikamhesabia matonge kwa macho, nikaacha, maana alikuwa ananipita mimi.

Asubuhi nilipoamka sikuliona koti. Nililikuta jikoni, juu ya moto, kwenye uchaga, na chini yake shangazi anachochea kuni mbichi ili moshi uwe mwingi. Njano ilikuwa imeanza kuwa kahawia. Niliifikiria ile kazi yote, mabeseni yale, dawa iliyotoka mbali, pasi ya mama. Nilijua kwamba kila dakika koti lilikuwa linakufa tena.

"Shangazi, moshi unaliharibu. Litavuja."

"Na livuje," alijibu. "Nguo inayong'aa ni ya maiti. Ya mtu aliye hai hunuka."

Nikavuta kigoda, nikakaa karibu naye. Baada ya muda nikamsogezea kuni.

Siku ya kurudi mvua ilinikuta mapema. Mgongoni matone yalijaribu kuviringika, lakini mabegani yalikaa yakapanuka, na katikati ya safari nikasikia ubaridi wa kwanza ukipenya. Nilifika Pito nimelowa mabega yote mawili, natetemeka. Baba alikuwa anangoja kizingitini. Hakuniuliza habari za njiani. Alinivua koti, akalikunja kifuani mwake, akaingiza pua kwenye kola.

"Yustina," alisema, akafumba macho.

Mama alishatoka na beseni na ile chupa yangu ya sabuni. "Lete nilifue upya, dawa imebaki nusu."

"Hapana." Baba alilishika kwa mikono miwili. "Mtalifua nikifa."

"Basi Kate hutakwenda na mvua, Baba Oliva. Nimesema."

Akafikiri kidogo. "Nitakwenda kiangazi," alisema.

Sote tulitazamana. Kiangazi Ufipa hakuna tone, na njia ni kavu hadi Kate. Miaka yote alikwenda wakati wa mvua kwa sababu ya mbegu, na hakuna aliyewahi kufikiri kwamba mtu anaweza kumtembelea dada yake bila kumpelekea kitu.

Nilirudi Dodoma na nusu chupa ya dawa. Nalifua koti langu la baiskeli vizuri kama zamani, nalipiga pasi juu ya kanga, na wenzangu hunisifu. Hata hivyo nimejifunza kwamba kuna nguo ambayo kazi yake imeshapita ile ya kuzuia maji, na mwenye kujua kuifua anapaswa pia kujua kuiacha. Mimi sikulijua hilo hadi niliponuswa.

Mwezi wa saba Leokadia alinipigia simu kutoka kwenye ule mwinuko nyuma ya zizi. Alisema baba amefika, ametembea polepole, amelala njiani kwa watu, hajambo. Nilimwomba anipe nizungumze naye. Alicheka, akasema nisubiri, ana kazi kwanza. Na nyuma yake, kwa mbali, nikawasikia wazee wawili wakigombana juu ya kuku.